Binti Anapomwandika Baba

Jumapili ya tarehe 15 Juni 1952, mchana, katika mji mdogo wa Yvetot huko Normandy, Ufaransa, mwenye duka mmoja alitaka kumuua mkewe. Alimkamata ndani ya stoo yenye giza, mkono mmoja umemshika mwilini, wa pili umeshika mundu. Binti yao, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 12, alisikia mayowe akakimbilia huko. Baba akaachia. Alasiri hiyohiyo watatu hao walipanda baiskeli wakaenda kutembea mashambani, jioni wakafungua biashara kama kawaida, na tukio lile halikuzungumzwa tena nyumbani.

Binti huyo ni Annie Ernaux, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2022. Tukio hilo linafungua kitabu chake La Honte, yaani Aibu, kilichotoka 1997. Lakini miaka 14 kabla, mwaka 1983, alikuwa amekwisha kuandika kitabu kizima kuhusu baba huyohuyo, La Place, na mundu haumo. Baba wa La Place ni mtoto wa kijijini aliyetolewa shule mapema akafanye kazi shambani, akawa kibarua kiwandani, akajikongoja mpaka akafungua mkahawa na duka la vyakula. Ni baba anayempeleka binti yake shule kwa baiskeli. Ni mtu anayeona haya kufungua mdomo mbele ya waliosoma, na binti yake mwenyewe akiwa mmoja wao atakapofuzu ualimu. Mzee alifariki 1967. Hakuongeza jema wala baya kati ya vitabu hivyo viwili. Aliyehama pale alipokuwa amesimama ni mwandishi.

Wapo wanaoweza kusema kitabu cha kwanza kilificha. Sikubaliani nao. Ernaux alikuwa na deni la kulipa kwanza. Elimu ilikuwa imemtenga na baba yake, ikamfundisha kumwonea haya, na La Place kiliandikwa ili kumrudishia mzee heshima aliyonyimwa na watu wa tabaka ambalo binti alihamia. Mundu ungetangulia, wasomaji wa tabaka hilo wangepata maskini mshari waliyekwisha kumzoea vichwani mwao, na wasingesoma zaidi. Ilibidi baba asimame kama mtu kamili kwanza, ndipo kosa lake lipate uzito unaostahili.

Vitabu vya mabinti kuhusu baba wenye kasoro vimekuwa vingi mno miaka arobaini hii, na wachapishaji wa Ulaya na Marekani huviuza kana kwamba ni hadithi moja: baba kakosa, binti kaumia, binti kakua, binti kasamehe. Ukivisoma kwa makini hukuti njia iliyonyooka hivyo. Jicho la binti hubadilika kwa sababu mbalimbali. Pengine amejua jambo ambalo hakulijua, au amefika umri aliokuwa nao baba wakati ule. Pengine amehama nchi. Mara nyingi baba amekufa. Kila sababu humleta baba mwingine kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, kitabu kizuri hutambulika kwa jambo moja: mtu mzima anayeandika amemwacha yule mtoto aliyeona kwa macho yake aendelee kusema alichokiona. Mla kunde husahau, mtupa maganda hasahau, na katika nyumba hizi mtupa maganda alikuwa mtoto.

Sisi wa pwani tuna mfano wa zamani kuliko hiyo yote. Sayyida Salme binti Said alizaliwa 1844 katika jumba la Beit el Mtoni, Unguja, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi, Jilfidan. Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden mwaka uliofuata, akaolewa, akaishi Hamburg. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na mara nyingi huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza iliyochapishwa ya mwanamke wa Kiarabu.

Baba anayetoka humo ni mpole kupita kiasi. Tunamwona akitembea huku na huko kwenye baraza la Mtoni linaloangalia bahari, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi la pajani. Tunamwona mtawala wa Oman na Zanzibar akinywea mbele ya mkewe mkuu, Azza binti Seif, ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga, hata mumewe. Ni picha za mtoto, na ni za kweli kama zinavyoweza kuwa picha za mtoto. Lakini kwa Wamazrui wa Mombasa, Said ndiye aliyewakamata wakubwa wao mwaka 1837 akawapeleka Bandar Abbas, ambako wengi hawakurudi. Watu wa Siyu walipigana naye miaka ya 1840 chini ya Bwana Mataka. Na mikarafuu iliyolisha jumba la Mtoni ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Salme anaufikia utumwa, na anautetea.

Kwa nini jicho lake halikubadilika? Alikuwa na miaka 12 baba alipofariki baharini mwaka 1856, kwa hiyo hakuwahi kumtazama kwa macho ya mtu mzima. Hasira zote za utu uzima zilimwangukia kaka yake Barghash, aliyemnyima urithi. Aliporudi Unguja 1885, meli za kivita za Wajerumani zikiwa nyuma yake, madai yake yalikuwa na nguvu kwa sababu yeye ni binti wa Said. Angemshusha baba, angejishusha na yeye. Na alipokuwa Ujerumani, mjane, bila nchi wala dini ya kwao, Said ndiye kitu pekee ambacho hakikuwa kimempotea. Ninakipenda kitabu hiki, lakini tukubali kwamba kimebeba nusu ya baba.

Mtawala mwingine, binti mwingine. Svetlana Alliluyeva, binti wa Stalin, aliandika Barua Ishirini kwa Rafiki mwaka 1963 akiwa bado Urusi, kikachapishwa 1967, mwaka aliokimbilia ubalozi wa Marekani mjini New Delhi. Stalin wa barua hizo ana utani wa ajabu na mtoto: binti humwandikia amri kama bosi, naye baba hutia saini kama katibu wake aliyepokea agizo. Kisha mambo yanaharibika. Wakati wa vita, Svetlana akiwa msichana, alisoma katika gazeti la Kiingereza kwamba mama yake, aliyeambiwa kuwa alikufa kwa ugonjwa, alikuwa amejiua mwaka 1932. Mwaka 1943 mwanamume aliyempenda alikamatwa akapelekwa Vorkuta, na baba akampiga binti kofi. Hata hivyo kitabu hicho cha kwanza kinamtwisha Beria sehemu kubwa ya damu iliyomwagika, kana kwamba Stalin alipotoshwa na msaidizi wake. Cha pili, cha 1969, kinaacha kumsingizia Beria. Baba anabeba mzigo wake mwenyewe.

Hapo mtu anaweza kupiga makofi, kwamba binti kafumbuka macho. Mimi napiga makofi kwa mkono mmoja. Cha kwanza kiliandikwa kwa siri, bila kujua kama kitasomwa; cha pili kiliandikwa Marekani, mbele ya wasomaji waliokwisha kumhukumu Stalin. Naamini cha pili kina ukweli zaidi. Lakini mwandishi akihama, na wasikilizaji wake huhama, na baba hubadilika pia kwa kuwa wanaomsikiliza binti ni wengine.

Mfano ulio tajiri kuliko yote upo Kenya. Baba mmoja, watoto wanne wakaandika. Barack Obama mkubwa, mtu wa Alego, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, akaendelea Harvard, akarudi 1964. Mwaka 1965 alichapisha makala akikosoa sera ya uchumi ya serikali changa ya Kenyatta. Alikuwa karibu na Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi mwezi Julai 1969. Baadaye alipoteza kazi, akaumia vibaya kwenye ajali, akazama katika ulevi, na ajali nyingine ya gari ikamuua Novemba 1982.

Mwanawe Barack alikulia Hawaii na Indonesia na baba wa kusimuliwa: mwerevu, sauti nzito, mfalme wa mazungumzo. Alikutana naye mara moja tu baada ya uchanga, kwa mwezi mmoja hivi, mwaka 1971. Kwa hiyo alianza na baba mkubwa, akashushiwa baba halisi, na aliyemshushia ni dada yake Auma, alipomtembelea Chicago. Sehemu hiyo ya kitabu cha 1995, Dreams from My Father, ndiyo ninayoirudia kila mara, kwa sababu ni ushuhuda wa binti uliowekwa kwanza katika kitabu cha kaka. Auma anasimulia mzee anayerudi usiku amelewa, pesa zimekwisha, majivuno bado yapo palepale. Anasimulia pia jinsi alivyopata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani akaondoka bila kumuaga.

Auma mwenyewe alianzia upande wa pili. Alimjua baba wa nyumbani, yule anayeulizwa ada ya shule. Ilimpasa amtafute baba mkubwa ambaye wengine walianza naye. Kitabu chake kilitoka 2010, kwa Kijerumani, kama cha Salme. Kufikia wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu kutoka Bayreuth na mtoto wake mwenyewe, na aliweza kuona kile ambacho msichana wa Kenya High School asingekiona: msomi aliyefungiwa milango kwa kusema wazi, mume aliyevunjikiwa na ndoa, mzazi asiyejua alee vipi watoto ambao alikuwa ameachana nao miaka mingi.

Kujua hayo hupunguza hasira, na haki yake ipunguze. Lakini hapa ndipo vitabu vingi huteleza, vikichukua sababu vikaifanya udhuru. Wasomi waliofungiwa milango Nairobi miaka ile hawakuwa wachache. Serikali haikumpeleka mtu baa kwa nguvu. Mwanawe mwingine, Mark Ndesandjo, alisema hadharani mwaka 2009 kwamba baba huyo alikuwa akimpiga mama yake, na riwaya aliyoitoa mwaka huo inatokana na maisha hayo. Wa nne, George, alizaliwa 1982, mwaka uleule baba aliokufa, na kitabu chake cha 2010 ni cha mtu anayetafuta jina tu. Wasome wote wanne pamoja utaona kwamba hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifunguliwa mlango tofauti wa nyumba ileile. Kwa jinsi ninavyoona, kati ya wanne hao Auma ndiye aliyelazimika kusafiri mbali zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusamehe na mengi ya kushangilia kwa wakati mmoja.

Nani amefanikiwa kabisa kuyashika mawili hayo bila moja kulimeza jingine? Ningemtaja Jeannette Walls, mwandishi wa habari wa Marekani, na kitabu chake The Glass Castle cha 2005. Baba yake, Rex, alikuwa na akili nyingi na chupa mkononi. Krismasi moja jangwani, hana hata senti ya zawadi, aliwatoa watoto nje usiku mmoja mmoja akawaambia kila mtu achague nyota iwe yake. Jeannette akachagua Zuhura. Baba akamweleza kwamba ile ni sayari wala si nyota, kisha akampa vilevile. Miaka kadhaa baadaye, katika mji wa machimbo wa Welch, West Virginia, watoto hao walijinyima miezi mingi wakaweka pesa kwenye kibubu ili dada yao mkubwa apate nauli ya kwenda New York. Siku moja walikuta kibubu kimepasuliwa na pesa hazimo. Baba, alipoulizwa, akajitia hajui chochote.

Walls hapatanishi mambo hayo mawili. Hakuna ukurasa anaokaa akatueleza kwamba kiini cha Rex kilikuwa nyota na kibubu kilikuwa ulevi tu. Ukiondoa nyota unabaki na mwizi, ukiondoa kibubu unabaki na mzee wa hadithi, na wote wawili ni watu tunaowajua tayari. Akiwaacha pamoja anatupa mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye. Rex alikufa 1994, miaka 11 kabla ya kitabu, na nadhani muda huo ulimsaidia binti kuacha kutaka jibu kutoka kwa baba.

Suala la kifo halikwepeki. Ernaux alisubiri miaka 16, Auma 28, Salme 30. Germaine Greer, Mwaustralia, alianza baada ya baba yake kufariki 1983, akazunguka nyaraka za nchi kadhaa, na kitabu chake cha 1989 kinaonyesha kwamba mzee alikuwa ametunga ukoo wake wote na kuficha alikotoka. Marehemu hawezi kukasirika, lakini pia hawezi kujibu, na hilo ni mzigo juu ya mwandishi kuliko ruhusa kwake. Walioandika baba akiwa hai wanalipa kwa namna nyingine. Alexandra Fuller alitoa kitabu chake cha kwanza 2001, juu ya utoto wake katika Rhodesia ya vita, na baadaye Malawi na Zambia, wazazi wakinywa na kuutetea utawala wa weupe bila haya. Mama yake, aliyekulia Kenya, alichukia. Baba alifariki 2015, na kitabu cha 2019 kinachomhusu kina upendo mwingi zaidi. Mwanamke aliyefiwa hawezi kuandika kama msichana aliyekasirika, na nisingemwomba afanye hivyo. Ila anayetaka kujua Rhodesia ilikuwaje asome cha 2001. Safiya Sinclair wa Jamaika, katika How to Say Babylon cha 2023, anamwandika baba Rasta mpiga rege aliyewatawala mabinti kwa mkanda na sheria za usafi. Baba yu hai, na mapatano ya mwishoni mwa kitabu yanasomeka kama mapatano ya watu watakaokutana tena mezani.

Mama je? Vitabu vingi vya aina hii vina mama aliyekaa pembeni ya picha, na haki haimfikii. Rose Mary Walls alikuwa na elimu ya ualimu ila hakupenda kufundisha, na kuna siku watoto walimfumania akila chokoleti chini ya blanketi ilhali ndani hamna chakula. Niliposoma nilimkasirikia yeye kuliko Rex aliyevunja kibubu. Hesabu hiyo si ya haki: baba akitoa kidogo tunaita upendo, mama akizuia kidogo tunaita ukatili. Binti anayeandika hurithi mizani hiyohiyo. Ndiyo maana nampa Ernaux alama ya juu. Katika La Honte anayetishiwa kwa mundu ni mama, na hapo mama hawezi kusahauliwa.

Kwa upande wetu, Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata 1858 na mke wa yuleyule Bwana Mataka wa Siyu, unamfundisha binti kwamba anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mwenye mafunzo hayo moyoni anajua anachohatarisha akimwandika baba vibaya. Anaogopa laana kabla hajaogopa mahakama. Baada ya hapo wanakuja ndugu: kaka atasema haikuwa hivyo, shangazi atauliza nani kakutuma, na msiba wowote wa ukoo utageuzwa baraza la kumsema. Kwa hiyo tumewaachia watunzi wa riwaya kazi hiyo. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitupa Zakaria wa Rosa Mistika, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi, anayempiga bintiye kwa barua ya mapenzi. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda. Ni kazi kubwa, lakini mwandishi ni mwanamume, na Rosa hapati nafasi ya kufika miaka 50 akamtazama Zakaria upya.

Miaka hiyo ndiyo inayohitajika. Anayetaka kuanza asianze na hukumu. Aanze na karatasi zilizobaki kwenye sanduku la baba: barua ya kuajiriwa na barua ya kuachishwa, kitabu cha benki, hati ya talaka, risiti za ada zilizolipwa na zisizolipwa. Awaulize mama na shangazi wakiwa bado hai, kila mmoja peke yake, na aandike majibu yanapopingana bila kuyasawazisha. Alichokiona akiwa na miaka tisa akiandike kama alivyokiona, hata kama leo anajua sababu zake. Sababu ziwekwe ukurasa mwingine.

Na ninyi wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Unguja, mswada huo ukifika mezani msimshauri mwandishi abadilishe majina aufanye riwaya. Mpeni mhariri na mwanasheria, kisha muutoe kama kumbukumbu, na jina lake liwe juu ya jalada.